Fuvu Lililokataa Kukaa

Fahali wa tatu alikataa kuanguka. Vijana sita walimng'ang'ania kamba, akawaburuta kwenye matope huku na huku, wanawake wakawacheka mpaka wakashika mbavu. Ndipo Ratsimba alipovua kofia yake, akampa mkewe, akamwendea mnyama mwenyewe. Mkono mmoja kwenye pembe, wa pili chini ya taya. Hakuvuta wala hakusukuma. Alizungusha tu kile kichwa, taratibu, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa, mpaka pua ikaelekea juu na shingo ikafika mwisho wa mzunguko wake. Fahali akaenda chini kwa kishindo. Tarumbeta zikalia.

"Ana miaka hamsini na tano yule!" mtu akapiga kelele. "Nyie vijana mnakula nini siku hizi?"

Inspekta Voahirana alikuwa amesimama kando ya ukuta wa kaburi, sahani ya wali na nyama ya mafuta mkononi. Alimtazama Ratsimba akinawa damu, akaweka sahani chini, akaandika neno moja kwenye daftari lake.

"Umeandika nini?" aliuliza Daktari Ratefy. Alikuwa mzee mfupi aliyefundisha mifupa miaka thelathini pale mji mkuu, na alikuwa anamalizia sahani ya pili.

"Shingo."

"Mm. Hata mimi nimeona."

Kwetu kaburi la ukoo halifunguliwi kwa karatasi ya hakimu. Hakimu anaweza kusaini mpaka wino umwishie. Hakuna atakayenyanyua lile jiwe mpaka mpiga falaki ataje siku na saa. Siku hiyo huja mara moja kila miaka saba. Wafu hutolewa, huvishwa sanda mpya, huchezwa mabegani, husimuliwa habari za nyumbani, na kabla jua halijagusa mlima wawe wamesharudi ndani. Anayezikwa katikati ya miaka hiyo huingizwa haraka na jiwe hurudishwa. Kwa hiyo Inspekta alikuwa amesubiri miezi kumi na minne. Leo ndiyo leo, na ikimpita, mpaka miaka saba mingine.

Mfukoni alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hakimu: mifupa ya Benja ikaguliwe, uani mwa kaburi, mbele ya ndugu, isitoke hapo. Ya pili ilikuwa ujumbe wa redio kutoka gerezani, uliofika Jumanne. Mfungwa Fidy, kifungo cha maisha, amefariki kwa ugonjwa wa kifua, amezikwa kiwanja cha gereza. Rufaa ya maiti hufa naye. Hiyo ndiyo sheria. Angempelekea hakimu karatasi ya pili, ile ya kwanza ingekuwa ya kufungia karanga. Alikuwa ameikunja mara nne akanyamaza. Daktari peke yake ndiye aliyejua.

Na nje ya ukuta, hatua kumi hivi, juu ya jiwe, alikuwa amekaa Mama Fidy. Wajukuu wa watumwa hawaingii uani mwa kaburi la wenyewe, hata mwaka huu, hata na Inspekta akiwa pale. Alikuwa na kifurushi mapajani. Asubuhi alikifungua: shati jeupe, limepigwa pasi mpaka mistari inakata.

"Nimemletea la kutokea," alikuwa amesema. "Ila gerezani wanakonda. Unadhani litampwaya, mwanangu?"

"Litamtosha, mama," Inspekta alijibu, akapita.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Miaka mitano nyuma Benja, mdogo wake Ratsimba, alikutwa amekufa chini ya ukuta wa jaruba. Ratsimba aliwaambia askari wa wilaya kwamba amepigwa jiwe kisogoni, na kwamba amemwona Fidy, mchungaji wa ng'ombe, akikimbia. Daktari hakuitwa. Fidy alipigwa siku mbili, ya tatu akaweka dole gumba kwenye karatasi. Kisha kutoka gerezani akaandikisha barua kumi na moja, zote zikisema jambo moja: mimi nilimkuta tu, nikambeba mpaka nyumbani, kichwa hakikuwa na kidonda, kilikuwa kinazunguka, kidevu kinakalia mgongo.

Kwa hiyo mambo yote yalikuwa ndani ya sanda moja. Fuvu likiwa limevunjika, Fidy ni muuaji na atabaki kwenye shimo la wafungwa. Likiwa zima, Ratsimba alidanganya, na Fidy atafukuliwa arudishwe kwao kama watu.

Inspekta alimkuta Ratsimba anajifuta mikono.

"Mzee Ratsimba, mwaka ule marehemu alioshwa na nani?"

"Na mimi. Si mdogo wangu?"

"Peke yako?"

"Ulitaka nimwite nani, wewe?" Watu wakacheka. Naye akatabasamu.

"Jeraha lilikuwa wapi?"

"Kisogoni, mkono wa kulia. Kidole gumba kinaingia."

"Na tangu azikwe, jiwe limenyanyuliwa mara ngapi?"

"Moja. Tulipomzika mama, miaka mitatu sasa."

"Nani aliingia ndani?"

"Mkubwa wa ukoo ndiye huingia kuwapanga wazee, ampatie mgeni nafasi. Na mkubwa ndiye mimi."

"Ulikaa muda gani?"

"Sikuwa na saa."

"Alikaa mpaka wali ukapoa!" alidakia Bibi Ketaka, shangazi yake, aliyekuwa anachambua sanda za hariri pembeni. "Tukasema, masikini, anaagana na mama yake."

Ratsimba alimtazama shangazi yake, kisha akavaa kofia. Inspekta aliandika: *miaka mitatu, peke yake, muda mrefu*. Juu yake kulikuwa na tarehe aliyoinakili kwenye jalada la mahakama. Barua ya kwanza ya rufaa, iliyoomba kaburi lifunguliwe, ilisomwa mbele ya ukoo mwezi mmoja kabla ya mama huyo kufa.

Saa nane mpiga falaki akainua fimbo. Jiwe likasogezwa, harufu ya udongo wa baridi ikatoka, na watu wakaanza kupokea wafu wao mlangoni, mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake limeandikwa kwa kalamu nene juu ya sanda. Kelele ilikuwa ya sikukuu. Mzee Rainibe, babu yao Ratsimba na Benja, alizungushwa kaburi mara saba huku wajukuu wakimwita. Mama yao alipakatwa na binti zake na kuelezwa nani ameoa, nani amenunua baiskeli. Benja alizungushwa mara moja tu, kisha Inspekta akasema basi, akalazwa juu ya mkeka mpya, turubai likatandazwa juu ya nguzo nne.

Daktari alipiga magoti, akakata vitambaa vya kufungia. Mwili ulikuwa umekwisha. Mifupa ilikuwa mikavu, ya rangi ya chai. Alilitoa fuvu kwa mikono miwili, akaligeuza.

Kisogoni, mkono wa kulia, palikuwa na tundu. Kidole gumba kingeingia.

Mlio uliotoka pale uani sitaki kuusikia tena. Mke wa Ratsimba alikimbilia ukutani. "Haya, mama wa muuaji!" alipiga kelele. "Njoo uone kazi ya mwanao! Au utaonea huko huko, mlikozoea?" Mwingine akarusha mfupa wa ng'ombe, ukaangukia karibu na lile jiwe. Mama Fidy hakuinuka. Alilikunja shati lake upya, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri.

"Inspekta," alisema Ratsimba kwa upole, "umeona mwenyewe. Sasa tuendelee kumsumbua maiti, au tukale?"

"Daktari hajamaliza."

"Amalize nini?"

"Mimi nikianza mtu nammaliza," alisema Daktari bila kuinua kichwa. "Nipeni maji ya kunawa na mnyamaze."

Alizipanga pingili za shingo juu ya shuka, saba, kutoka ya juu mpaka ya chini. Mbili za kwanza aliziweka kando. Alizipangusa kwa brashi, akazitazama muda mrefu kupitia kioo cha mkono, kisha akamwita Inspekta karibu. Ila sauti hakuipunguza. Ni mwalimu, hajui kunong'ona.

"Tazama. Pingili ya kwanza haifanani na nyingine. Haina mwili, ni pete tupu. Juu yake ina visahani viwili, kimoja huku, kimoja huku. Fuvu nalo, hapa chini, pembeni mwa hili tundu kubwa linalopitisha uti, lina vifundo viwili. Kifundo kwenye kisahani, kifundo kwenye kisahani. Fuvu zima la mtu limekaa hapo, kwenye sehemu mbili ndogo kama kucha ya dole gumba. Hapo ndipo unapoitikia kwa kichwa. Mtu akikuuliza umeshiba, ukainamisha kichwa, hapo ndipo panapofanya kazi."

"Na ya pili?"

"Ya pili ina jino. Limesimama, linaingia ndani ya pete kwa mbele, na ukano mgumu umelifunga kwa nyuma. Pete inazunguka kwenye jino. Hapo ndipo unapokataa." Alitikisa kichwa kushoto na kulia. "Sasa. Fuvu la mtu na pete yake vimekua pamoja tangu tumboni. Vinakaana kama sufuria na kifuniko ulivyonunua siku moja."

Aliiweka pete juu ya kiganja chake, akaliteremsha fuvu juu yake. Likayumba. Alilinyanyua, akalipapasa, akaliteremsha tena. Likalalia upande. Mara ya tatu alimpa Inspekta ajaribu mwenyewe, na Inspekta akalihisi likicheza: kifundo kimoja kimekaa, cha pili kinaning'inia nje ya kisahani.

"Haliingii," alisema.

"Litaingiaje? Pete ya mtu mwembamba, fuvu la jitu."

"Mifupa husinyaa," alisema Ratsimba.

"Husinyaa, ndiyo. Lakini haisinyai pete peke yake ikaliacha fuvu. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupiga sifuri na kofi juu." Daktari aliinua pete kwenye mwanga. "Na hii mikwaruzo unaiona? Hapa kwenye ukingo wa visahani. Mmoja, miwili, mitano. Kisu. Mtu alikitenga kichwa na shingo baada ya nyama kwisha, kano zikiwa bado zimeshika. Alikata kama anayetafuta kiungo cha ng'ombe. Mzoefu."

Tarumbeta zilikuwa zimenyamaza, sijui nani alizinyamazisha.

"Endelea," alisema Inspekta.

"Jino la pingili ya pili limekatika shinani. Kipande chake ndicho hiki, bado kimebanwa ndani ya pete na ukano uliokauka."

"Si mmemrusharusha sasa hivi!" alisema mke wa Ratsimba. "Limevunjika mabegani!"

"Lingevunjika leo, mama, ndani yake pangekuwa peupe kama muhogo. Hapa pamekolea rangi ile ile ya mfupa wote. Na ukano umekaukia juu ya kipande kilichokwisha vunjika. Huyu alivunjwa jino hili siku aliyokufa. Jiwe kisogoni halivunji hivi. Hivi ni kichwa kimezungushwa, kikafika mwisho, kikazungushwa tena." Alijifuta miwani. "Amevunjiwa mfupa wa kukataa."

Hapo kuna watu waliogeuka wakamtazama yule fahali wa tatu, ambaye alikuwa bado hajamaliza kuchunwa. Ratsimba hakugeuka.

Daktari alimvuta Inspekta mkono, na safari hii alinong'ona. "Kitu kingine. Hili tundu la kisogoni, kingo zake zimelainika. Mfupa ulikuwa umeanza kupona. Mwenye fuvu hili aliishi wiki tano, sita, baada ya kupigwa. Si Benja, na wala si wa juzi. Mzee wa zamani."

Inspekta aliangalia jua. Lilikuwa limebakiza urefu wa mikono miwili juu ya mlima. Aliangalia sanda thelathini na moja zilizopangwa kwenye mikeka. Kuzifungua zote hakuwa na ruhusa, na angejaribu kwa nguvu, yeye na daktari wangezikwa humo humo. Alifunga daftari. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ya mtu anayewatangazia msiba.

"Ndugu zangu, poleni. Kichwa hiki si cha Benja. Mtu aliingia kaburini, akamkata kichwa, akaweka hiki cha kuokota. Cha Benja hakimo."

"Hakimo?" alisema Bibi Ketaka. "Kiko wapi?"

"Mwenye kuficha ushahidi hauhifadhi, bibi. Kitakuwa kimetupwa. Mtoni labda. Au kimechomwa tanuri la matofali."

"Au mbwa," alisema Daktari, akimsaidia. "Mara nyingi ni mbwa. Fuvu likiwa na kano kano, mbwa hulipenda."

Bibi Ketaka alikaa chini. Wanawake walianza kulia, na si kilio cha sherehe. Mzee mmoja alimtemea mate Ratsimba miguuni, kwa sababu kila mtu pale alijua nani aliingia kaburini na wali ukapoa.

"Miaka mitatu," Inspekta aliendelea, akimsogelea Ratsimba, "mdogo wako amelala kando ya mama yake bila kichwa. Hana macho ya kumwona. Hana masikio. Leo watoto wamemwita jina, amewasikia kwa kitu gani? Mbwa wa nani alimla, mzee? Wako?"

"Nyamaza."

"Ulimtupia kichwa kizima au ulimvunjiavunjia kwanza?"

"Nyamaza, mwanamke!"

"Shangazi yako anataka kujua. Mwambie. Mbwa gani?"

"Hakutupwa!" Ratsimba alipasuka, mishipa ya shingo imemtoka. "Mimi nimtupe? Mimi? Mnanionaje ninyi? Yumo! Yumo humu humu, hajatoka mlangoni, hakuna mtu wetu hata mmoja asiye na kichwa!"

Kisha akasikia alichosema.

Ng'ombe waliobaki wakasikika wakicheua. Inspekta hakumtazama tena. Alimwinamia Bibi Ketaka. "Bibi, katika wazee wenu, nani aliyepigwa kisogoni akaugua wiki kadhaa?"

"Baba," alisema. "Mzee Rainibe. Mwaka wa uasi, arobaini na saba. Askari alimpiga na kitako cha bunduki. Alilala siku arobaini, mimi ndiye nilikuwa nampa uji. Kila mtu anajua. Huwa tunawasimulia watoto."

"Nahitaji kumfungua."

"Haifunguliwi!" alifoka Ratsimba. "Sanda ya zamani haifunguliwi, mpya inavishwa juu yake! Shangazi, usikubali!"

"Ni baba yangu," alisema Bibi Ketaka, akiinuka kwa kushika bega la Inspekta. "Nimemcheza leo mabegani. Nataka kujua nilimcheza nani. Leteni kisu."

Alifungua mwenyewe, tabaka kwa tabaka. Mifupa ya Mzee Rainibe ilikuwa mikubwa, mingine imekuwa vumbi. Fuvu lililotoka lilikuwa dogo, zima, halina ufa wala tundu, na la mtu ambaye meno yake bado yalikuwa ya ujana. Daktari alilipokea, akaligeuza, akamwonyesha Inspekta mikwaruzo mitano ya kisu chini yake. Aliiweka ile pete kiganjani, akateremsha.

Fuvu likaingia. Vifundo viwili vikakaa kwenye visahani viwili, mkwaruzo ukakutana na mkwaruzo. Daktari alilisukuma kidogo kwa kidole. Benja akainamisha kichwa, akakiinua.

"Sikupenda," alisema Ratsimba. Hakuna aliyemuuliza. "Alitaka kumwoa Lanto, dada yake yule mchungaji. Nikamwambia lala naye, zaa naye, sina neno, lakini usimwoe, maana ukimwoa ataingia humu. Mifupa ya watumwa ilale na ya babu. Akasema ataingia, na kaka yake akifa na mama yake nao wataingia, na mimi nitawabeba. Akanicheka usoni." Alitazama mikono yake. "Nilimshika tu."

"Na fuvu zima lingekufunga," alisema Inspekta. "Ulikuwa na kisu, ulikuwa na muda, na mawe yamejaa mle ndani. Ungelipiga mara moja tu kisogoni, Fidy angekuwa muuaji mpaka kiama. Kwa nini hukulivunja?"

Ratsimba alimtazama kama aliyeulizwa jambo la aibu mbele ya wakwe. "Nivunje kichwa cha mdogo wangu? Ndani ya kaburi la baba zangu? Mimi ni mtu wa namna gani?"

Inspekta alimfunga pingu. Mikono yake ilikuwa minene, ikabidi apitishe tundu la mwisho.

Kazi iliyobaki haikuwa yake. Kila fuvu lilirudishwa kwa mwenyewe. Bibi Ketaka alimvisha baba yake sanda mbili mpya na kumwomba radhi kwa sauti, wengine wakamvisha Benja. Mpiga falaki alianza kupiga makofi kuharakisha, jua lilikuwa limebakiza kiganja. Wafu waliingia kwa zamu. Ratsimba, askari wawili waliokuja na Inspekta wamemshika, alikuwa anawahesabu kwa midomo.

"Shangazi," alisema. "Watanifunga, sawa. Lakini nikifa mtanileta. Ile rafu ya juu, kando ya mama. Nilijitengea."

"Itawekwa mawe."

"Shangazi."

"Niite shangazi tena uone. Uliwachanganya vichwa wazee wangu, ukanichezesha. Hapa huingii. Kwenye hesabu ya wafu hutaitwa, sanda hutavishwa, mtoto hataambiwa jina lako. Utazikwa wanakozikwa wafungwa."

Hapo ndipo lile jitu lilipolia. Alianguka magoti, akatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana, akajaribu kuushika upindo wa nguo ya yule bibi kwa mikono iliyofungwa. Bibi Ketaka aliuvuta upindo wake na kuingia kusaidia kusukuma jiwe. Jua liligusa mlima, jiwe likakaa, na watu wakaanza kukusanya mikeka bila kumtazama mtu yeyote usoni.

"Kwani wafungwa huzikwa wapi?"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta. Mama Fidy alikuwa amesimama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kifurushi kifuani. Alikuwa amesikia kila kitu, na alikuwa anacheka na kulia pamoja, kama mtu aliyerudishiwa mwanawe.

"Nauliza tu," alisema. "Hayanihusu tena. Mwanangu anatoka lini? Kesho Jumapili, hawafungui ofisi. Jumatatu?"

Inspekta aliruka ukuta. Alitoa ile karatasi ya pili, akaikunjua mikunjo yake minne. Yule mama hakujua kusoma, kwa hiyo alimsomea. Ilikuwa na mistari mitatu tu.

Mama Fidy akauliza, "Tangu lini?"

"Jumatatu usiku. Nilipata Jumanne."

"Na leo ni nini?"

"Jumamosi."

"Ukaja. Ukala wali wao."

"Ningesema, hakimu angefunga jalada. Sanda ya Benja isingefunguliwa, mama. Angebaki muuaji. Sasa hivi nitaandika, atafukuliwa, ataletwa kwenu, jina lake—"

"Asubuhi nilikuuliza shati litampwaya." Hakupaza sauti. "Ukaniambia nini?"

Daktari, nyuma, alikohoa na kugeukia mlima.

"Nilikuambia litamtosha," alisema Inspekta.

Mama Fidy alimsukumia kifurushi mikononi. Alimtazama mpaka Inspekta akainamisha macho.

"Basi utamfukua wewe," alisema. "Si askari wako, wewe. Na shati utamvalisha wewe, umfunge vizuri mpaka shingoni. Halafu uje nyumbani kwangu, ukae chini, uniambie kama lilimtosha."